Mguu Usioweza Kukimbia

Miaka ile ya wakimbizi, kuni zilikuwa zimekwisha karibu na kwetu Bugarama. Tulizifuata mbali, kwenye kilima kinachotazama Burundi. Siku hiyo nilikuwa na wifi yangu, tunafunga mizigo, milio ya bunduki ikasikika ng'ambo. Hatukuulizana. Tuliacha kuni tukateremka mbio.

Katikati ya mteremko kitu kikanipiga kwenye kigimbi. Nilisikia kabisa, pa! Nikaanguka kifudifudi.

"Nimepigwa risasi!"

Wifi alirudi, akaupapasa mguu, akatazama viganja vyake. "Mbona hakuna damu?"

Hapo ndipo nilipozidi kuogopa. Nilidhani risasi imebaki ndani.

Alinibeba mgongoni hadi barabarani, mume wangu akaitwa, akanipeleka zahanati kwa baiskeli. Tabibu alikibonyeza kigimbi, nikapiga kelele.

"Hakuna risasi, mama," alisema. "Msuli umechanika. Pumzika, mguu uuinue juu ya mto, uufunge kitambaa. Na usikimbie."

Nisikimbie! Majambazi walikuwa wakivamia nyumba hata mchana, na yowe likipigwa, kijiji kizima kilikimbilia porini. Nililala kitandani nikisikiliza kila kishindo cha nje.

Nilipoanza kuchechemea na fimbo, yowe likapigwa kweli. Mume wangu alikuwa mnadani Kibimba. Niliwasikia majirani wakipita mbio, watoto wakilia. Nyumbani nilikuwa na mama mkwe tu.

"Nenda, mama," nilimwambia. "Utanikuta hapahapa."

"Nikukute ukiwa hai au maiti?" Akafunga mlango, akauegemea.

Hatua zikaja uani, zikasimama. Sauti ya mwanamume ikaomba maji kwa Kirundi, na kwa kuwa Kihangaza chetu kinafanana nacho, tulimwelewa vizuri. Akaomba tena, taratibu. Mimi nilitikisa kichwa, nikimsihi mama mkwe kwa macho asifungue. Akachota kikombe, akafungua mlango kidogo, akakitoa nje.

Niliona vidole tu. Vilikidaka kikombe kwa pupa hadi maji yakamwagika kizingitini. Alikunywa, akashukuru, akapotelea kwenye mibuni.

Punde wakaja vijana wa kijiji na mikuki. "Shikamoo, bibi. Amepita mtu hapa?"

"Marahaba. Sijaona mtu," alijibu mama mkwe.

Wakanigeukia. Nami nikasema sijaona.

Mpaka leo sijui kama alikuwa jambazi au mkimbizi aliyepotea njia. Nilipomuuliza mama mkwe, alisema tu kwamba mtu huyo alikuwa na kiu.

Mguu ulipona polepole. Nilianza kwa kusimama kwa ncha za vidole huku nimeshika nguzo, kisha nikatembea hadi kisimani, na maharage yalipokomaa nikapanda tena kilimani na wifi. Nilikuwa nimepona. Lakini kila tawi lilipokatika, pa! kigimbi kilijikaza chenyewe, na wifi alinisubiri hadi nikaweza kuinua mguu.