Mizinga Yote Juu ya Kichuguu

Nimeishia darasa la nne, kwa hiyo anayetafuta maneno matamu akasome kwa mwingine. Ninaandika kwa sababu kuna watu nusura watutoe msituni, wakaondoka na mashati yao masafi, na sitaki yaishe hivi hivi. Majina siandiki. Vyeo vyao vinatosha, wenyewe watajiona.

Wa kwanza ni dada wa kampuni ya asali, aliyekuja kutoka Dar es Salaam. Alitukusanya sisi warina asali kwenye ukumbi pale Sikonge mjini, akatugawia fulana zilizoandikwa "Sisi ni Familia Moja", akatufundisha makofi ya aina tatu kabla hajatuuliza hata habari za nyumbani. Ndugu yangu, familia gani inafundishana makofi? Kisha akagawa simu, moja kwa watu watano. Wanunuzi wa ng'ambo, alisema, wanataka kujua asali imetoka mti gani, kwa hiyo kila mzinga uandikishwe. "Mkifika kwenye mzinga, bonyezeni kitufe hiki cha kijani. Mfumo utajua mlipo."

Wa pili ni bwana nyuki wa serikali. Kijana wa watu, siku ile alikaa meza ya mbele akitikisa kichwa kukubali kila kitu. Mwisho akaongeza la kwake: asiyeandikisha mizinga kwenye mfumo, kibali cha kuingia msituni hapati. Neno mfumo lilisemwa siku ile mpaka nikadhani ni jina la mkubwa fulani ambaye bado hajafika.

Wa tatu nitamtaja, msinikimbize.

Marehemu mume wangu aliniachia mizinga ya magome thelathini na kitu, mwendo wa siku nzima kwa baiskeli na nusu siku kwa miguu. Alianguka kutoka kwenye mninga. Baada ya msiba wakasema mwanamke hapandi mti wa nyuki. Nikapanda. Mwaka wa tatu nikaanguka na mimi, nyonga ikavunjika, nikatolewa msituni kwa machela ya fito. Nilipona, ila mpaka leo mguu wa kulia unafika baada yangu. Sasa shemeji yangu, mdogo wake marehemu, ndiye anayepanda, mimi nashika kamba na moshi. Mnielewe hapo: bila ule msitu mimi ni mama wa kukaa kibarazani kusubiri kuletewa.

Basi tukaenda na simu yao. Chini ya mzinga wa kwanza nikabonyeza kijani. Kikatokea kiduara kinazunguka. Kikazunguka, kikazunguka, nyuki wenyewe wakachoka kututazama. Kule hakuna mtandao. Mtandao uko sehemu moja tu, juu ya kichuguu kikubwa kilicho kando ya njia ya zamani ya wapagazi. Ndiko tunakopanda kuwapigia watoto walioko mjini. Nikawaza, nikaona nina akili kuliko kampuni. Niliporudi nikapanda kichuguuni, nikabonyeza kijani. Imekubali! Nikaandikisha mzinga wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mchana mmoja nikamaliza yote bila kushuka.

Wenzangu wakaniuliza nimefanyaje. Nikawafundisha. Wiki nzima kichuguu kilikuwa na foleni kama kituo cha kupigia kura.

Sasa mmemjua wa tatu.

Mwezi wa tano, kamba tumeshasuka na ndoo tumeshaosha, tukaitwa ofisi ya kata. Dada wa kampuni alifungua kompyuta yake. Ramani kubwa ya kijani, na katikati nukta moja nyekundu.

"Hii ni mizinga yenu," alisema. "Mizinga ya kijiji kizima iko sehemu moja. Hii ni mizinga hewa. Mmeidanganya kampuni."

Bwana nyuki akasema vibali vyote vimesimama.

Watu wakaanza kunitazama, mmoja baada ya mwingine. Kurina ni mwezi wa sita. Kibali kikikosekana, asali ya mwaka inabaki kwa nyegere. Nikasimama. "Ni mimi niliyewafundisha. Mizinga ipo. Iliyodanganya ni simu."

"Mfumo haudanganyi, mama," bwana nyuki akasema.

"Basi twende ukaione."

"Mfumo hauna sehemu ya kwenda kuangalia."

"Mfumo hauna miguu, mwanangu. Wewe unayo."

Shemeji akacheka peke yake. "Mpeni na fulana, asije akapotea, nyuki wamtambue ni wa familia." Ndipo wengine wakacheka, na nadhani kicheko kile ndicho kilichomfanya kijana akubali. Dada wa kampuni alisema ana kikao.

Tuliondoka alfajiri, watatu kwa baiskeli mbili. Njiani kijana alikiri ana miaka miwili kazini na hajawahi kufika kambi ya nyuki hata moja. Kazi yake ni kupeleka ripoti. Nikasema marahaba, ingawa hakuwa ameniamkia.

Kule msituni nikamwonyesha alama. Kwetu mwenye mzinga haandiki jina. Anakata alama kwenye gome, na mzinga wenye alama ya mtu haguswi na mwingine hata akiwa na njaa. Yetu ni mikato miwili iliyolala na mmoja uliosimama. Njiani nikamwonyesha na za majirani, kila moja na mwenyewe. Mti wa tano, kijana akatangulia kusoma mwenyewe: "Huu si wako. Huu ni wa yule mzee aliyekaa mlangoni kwenye kikao."

"Ehee," shemeji akamjibu toka juu ya mti wetu wa nne. "Umeshasoma kuliko kompyuta."

Kijana akatoa ile simu ya kampuni. Akabonyeza kijani, kiduara kikaanza kuzunguka. Akaishika juu, akazunguka nayo mti. Kisha akaona chini kabisa kitufe kidogo cha kijivu, kimeandikwa Kizungu. Akakibonyeza. Kiduara kikasimama.

Akakaa chini.

"Mama, kumbe mahali inapajua hata bila mtandao. Unahifadhi hapa hapa mtini, kule kichuguuni unakwenda kutuma tu."

"Nani alitakiwa kutuambia?"

Akakwaruza ardhi kwa kijiti. "Hata mimi nilikuwa sijui. Yule dada naye alifundishwa ukumbini."

Siku tatu tulizunguka. Alichomwa na nyuki, uso ukavimba, hakulalamika. Tuliporudi nikapanda kichuguu, mguu ukanifuata, nikatuma. Kijana alinifuata huko juu, akafungua kompyuta yake. Nukta zikaanza kutoka kwenye kichuguu, moja moja, zikaingia msituni, kila moja kwenye mti wake. Marehemu alikuwa nazo zote kichwani. Sikuwahi kuziona pamoja mpaka siku ile.

Kwenye kikao kilichofuata kijana alisimama na uso wake wenye uvimbe akasema, "Kosa lilikuwa letu." Nimezisikia ofisi nyingi, neno "letu" likija na kosa sikuwahi kulisikia. Wenzangu waliandikisha upya, kila mtu chini ya mti wake, na vibali vikatoka. Kampuni iliandika kwenye ripoti yake kwamba imetujengea uwezo. Waache waandike.

Mwezi wa sita tulirina. Juzi bwana nyuki alipiga simu, akaniamkia vizuri kabisa. Kuna kata nyingine wamepewa simu hizo hizo, anataka niende nikawafundishe kabla hawajatafuta kichuguu chao.

Nitakwenda. Ila fulana sivai, na makofi sipigi.