Nilivyomtafsiria Baba Kwenye Duara la Mawe

Juzi binti yangu alirudi kutoka safari ya shule, akalitupa koti lake la mvua kwenye ngazi likiwa limelowa chepechepe. Kufika asubuhi nyumba nzima ilinuka koti bichi, ile harufu ya mpira na matope na majani yaliyooza, nami nikajikuta nimekaa pale pale kwenye ngazi, koti mapajani. Kisa hiki sijamsimulia hata mume wangu. Msinihukumu kabla sijamaliza.

Nilikuwa na miaka kumi, tunaishi Acocks Green, na baba alikuwa na wiki sita tu tangu afike Birmingham. Mama alinileta Uingereza nikiwa na miaka mitatu, baba akabaki Isiolo akihangaikia karatasi za viza miaka saba mizima. Kwangu alikuwa sauti ya simu. Sasa ghafla kuna mwanamume mrefu mezani, anavuta chai kwa kelele, ananiita "aabo", yaani baba, maana kwetu sisi Wasomali baba humwita mwanawe vile vile mwana anavyomwita yeye. Nyumbani tulizungumza Kiswahili. Kiingereza hakukitamka hata neno moja, na kwa kuwa mama alikuwa kazini kutwa, mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wake kwa daktari, dukani na kwenye basi. Ukiondoa hayo, sikuwa na la kumwambia.

Basi shule ikaomba wazazi wa kusindikiza safari ya Derbyshire, na nani akajitolea? Niliomba ashikwe na homa, Mungu anisamehe. Hakushikwa. Alikuja na koti la kuazima kwa jirani, mikono imemfika karibu na viwiko, akakaa kiti cha mbele akitabasamu peke yake kwa saa mbili.

Nilitarajia majabali. Kumbe ni mawe tisa tu yaliyonifika kifuani, yamesimama duara juu ya nyika tupu isiyo na mti wala nyumba, upepo unatupiga kutoka kila upande. Mwalimu akatueleza kuwa yalisimamishwa maelfu ya miaka iliyopita, na kwamba ndani ya duara walizikwa watu. Sijafungua mdomo kutafsiri, baba alishavua viatu. Akasimama na soksi kwenye majani yaliyolowa, akainua mikono, akawasalimia waliolala pale kwa sauti kamili, kama alivyozoea kufanya akiingia makaburini kwao.

Vicheko vikaanza chini chini. Jade, msichana niliyekuwa nikimbembeleza mwaka mzima awe rafiki yangu, akaniuliza, "Babako anaongea na mawe?" Jamani, nilitamani ardhi ipasuke inimeze!

Wakati huo huo mwalimu alikuwa anautazama mlima, ambako ukungu ulikuwa unashuka. Akanijia haraka. "Mwambie baba yako asitoke karibu nasi. Tunarudi kwenye basi sasa hivi, na pembeni kuna matope yanayozamisha hata kondoo."

Nikamgeukia baba. "Mwalimu anasema ukakae kule, kwenye lile jiwe la peke yake, mpaka uitwe."

Jiwe lenyewe lilikuwa mbali, huko chini kwenye mteremko. Baba alinitazama kidogo. Akavaa viatu, akafunga kamba taratibu, akasema, "Haya, aabo," akaenda.

Nilitaka tu wale watoto waache kucheka. Nilipanga kumkimbilia tukianza kupanga mstari, wallahi nilipanga. Lakini kufumba na kufumbua ukungu ulikuwa umetufunika, hata mawe ya upande wa pili siyaoni.

Mwalimu akahesabu watu, akahesabu tena. Akapuliza kipenga mpaka mashavu yakawa mekundu. Akaita, walimu wengine wakaita, kila mmoja akilitamka jina letu la ukoo kwa namna yake. Hakuitika. Akainama mbele yangu: "Alielekea wapi?"

"Sijui," nikasema.

Mwalimu alijaribu simu, haikushika mtandao. Hakuna aliyecheka tena, na Jade alikuwa analia. Mimi niliwaza yale matope, na koti lile fupi, na mama atakayefungua mlango jioni. Mama alikuwa amemngoja mtu huyu miaka saba, na mimi nilikuwa nimempoteza ndani ya wiki sita.

Nikatoka mstarini. Mwalimu akanidaka begi, nikaliacha mkononi mwake. Nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote, mbele ya darasa zima: "Aabo! Aabo, njoo! Aabooo!"

"Naam, aabo!"

Jibu lilikuja papo hapo. Niliendelea kuita, naye akaendelea kuitika, mpaka akatokeza, ndevu zinadondosha maji, suruali imelowa hadi magotini. Mwalimu akanigeukia kwa hasira na woga. "Muulize kwa nini aliondoka!"

Niulize nini, na mimi ndiye ninayejua? Baba akanitangulia. "Mwambie nilikwenda haja, nikapotea. Mwambie naomba radhi."

Nikatafsiri neno kwa neno, na darasa likacheka tena. Baba akainamisha kichwa, akavumilia.

Miaka minne baadaye, jioni ya wazazi shuleni, baba aliketi mbele ya mwalimu wangu wa hesabu, akazungumza naye Kiingereza cha polepole kilichonyooka kuliko changu. Nilipofika nyumbani nikamkabili mama jikoni. Amejifunza lini?

Mama akacheka mpaka akashika meza. "Baba yako? Si alikuwa karani wa ofisi ya mifugo! Barua zote za Kiingereza yeye ndiye aliyeziandika."

"Sasa mbona alinifanya mkalimani?"

Akaacha kucheka. "Alisema ndiyo njia pekee uliyokubali kuzungumza naye."

Nikapanda juu, nikajifungia bafuni, nikafungulia bomba ili wasinisikie nikilia. Baba alimsikia mwalimu kule kwenye mawe, matope na kondoo na yote. Halafu akanisikia mimi, akaenda kukaa ukunguni, asiitike kipenga wala walimu mpaka nilipomwita mimi, kwa sababu binti yake hakutaka aonekane.