Mwanamume wa Umri Wowote

Nilikuwa nimepiga magoti sakafuni katika chumba cha kupigia pasi, nawabadilishia maji vifaranga wasio wangu, wakati mamangu alinipigia simu kuniambia mtoto wangu amezuiwa mlangoni.

"Amezuiwa na nani?"

"Na soja. Anasema hosteli ni ya wasichana na huyu ni mwanamume."

Mwanamume mwenyewe alikuwa na miezi mitano. Nilimsikia nyuma ya sauti ya mamangu, kile kilio cha njaa ambacho maziwa yangu hukijibu kabla mimi sijajibu, na blauzi ikalowa pande zote mbili. Nje kulikuwa na manyunyu ya Julai na baridi ile ya Nakuru inayopanda ndani ya mikono ya sweta. Ndani ya chumba kulikuwa na joto tamu. Balbu kubwa nyekundu ilining'inia juu ya vifaranga, maranda makavu yametandazwa chini yao, magazeti yameshindiliwa kwenye nyufa za dirisha wasipigwe na upepo. Mmoja alikuwa amelala miguuni pangu, macho amefumba, ameshiba kabisa.

Nilimtazama huyo kifaranga kwa muda. Kisha nikavuta katoni moja waliyoletwa nayo, nikaanza kupakia baadhi yao.

Nitaeleza jinsi nilivyokuja kuwa yaya wa kuku, kwa sababu sikwenda chuo kwa hiyo kazi. Mimi nilimaliza kidato cha nne, nikakaa nyumbani miaka minne, ndipo nikapata nafasi ya diploma. Mwaka wa pili nikachaguliwa kuwa mshauri wa hosteli. Mshauri ni mwanafunzi kama wengine, ila anapewa chumba chake cha chini, karibu na mlango, na badala yake anawaangalia wasichana wote wa jengo lile. Kitambulisho kinasema mshauri. Wasichana wananiita prefekti. Ukweli ni kwamba unakuwa kila kitu. Bomba likipasuka ni wewe, ufunguo ukipotea ni wewe. Nimeshika nywele za msichana akitapika kwenye ndoo. Nimemwambia mwingine kwamba babake amefariki, kwa sababu watu wa kwao waliogopa kumpigia yeye wakanipigia mimi, na nilikaa naye kitandani mpaka mjomba wake akaja kumchukua. Hayo sijutii. Hiyo ndiyo kazi niliyokubali.

Masharti ni mawili. Unalala hosteli kila usiku, na siku zako za zamu, zangu Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa sita mchana huvuki geti. Ukivunja unaacha chumba. Na mimi bila kile chumba sina masomo. Kwa mamangu, mtaa wa Free Area, wanalala watano chumba kimoja pamoja na mtoto wangu. Mwaka wa kwanza nilijaribu kusoma kutoka pale muhula mzima nikaanguka masomo mawili. Baba ya mtoto anaendesha trekta mashamba ya Rongai, na kule analala kwenye banda la mashine. Kwa hiyo tulipanga hivi: mtoto akae na nyanyake, siku za kawaida nitoroke kwenda kumnyonyesha, na siku za zamu aletwe saa saba. Chupa amekataa. Tumejaribu chupa, kikombe na kijiko. Anafunga mdomo anakuangalia kama umemtukana.

Na kwa wiki kadhaa mpango ulikwenda sawa. Soja wa mlangoni, mama mtu mzima mwenye makoti mawili moja juu ya lingine, alikuwa anamwambia mamangu, "Pita mathe, mimi sijaona mtu." Nilimnyonyesha chumbani mwangu, akalala, akarudishwa. Hakuna msichana aliyelalamika. Wengine walikuwa wanagombania kumbeba.

Kisha wakaja vifaranga.

Msimamizi wa hosteli, yule aliyeajiriwa, bosi wangu, anafuga kuku kwake Kiamunyi. Transfoma ya mtaa wao iliungua, akaja asubuhi na katoni mbili nyuma ya gari. "Ni siku mbili tu, dada," akaniambia. "Chumba cha pasi hakina watu mchana." Siku mbili zikawa kumi. Chumba kikafungwa, funguo tukawa nazo yeye na mimi tu, na wasichana wakaanza kupigia pasi juu ya vitanda. Mimi nikaongezewa zamu ambayo haiko kwenye karatasi yoyote: maji asubuhi, maji mchana, angalia balbu isizime.

Sikiliza hii sasa. Wiki hiyo hiyo alikuwa amenituma mlango kwa mlango kunyang'anya koili, ule waya wa kuchemshia maji, kwamba zinakula stima ya jengo. Nilimnyang'anya msichana wa mwaka wa kwanza aliyekuwa anapasha maji ya kuoga. Alinipa, taulo shingoni, anatetemeka. Nikashuka na koili mkononi nikaenda kuwaangalizia kuku joto. Na sikusema kitu. Hiyo nayo inanikera mpaka leo.

Chumba cha pasi kinapakana na changu. Jumanne msimamizi alinikuta mlangoni pangu nikimbembeleza mtoto aliyekuwa analia.

"Huyo anashtua vifaranga," akasema. "Wakishtuka wanarundikana kwa kona wanakanyagana. Nikipoteza hata mmoja tutaongea."

"Madam, ananyonya tu, anaenda."

"Hata kusema kweli anaingia kama nani? Hakuna tangazo pale mlangoni?"

Tangazo lilikuwepo. Niliandika mimi. Muhula uliopita wavulana walikuwa wanaingizwa kwa uongo wa kila aina, na mmoja aliletwa na msichana wa ghorofa ya pili akaitwa kaka mdogo, wa shule ya msingi. Kaka mdogo alikuwa na ndevu. Tulimtoa ndani ya kabati, magoti yamefika kwa masikio. Msimamizi akaniambia niandike tangazo lisilo na mwanya, na mimi nikaandika kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa: HAKUNA MWANAMUME WA UMRI WOWOTE KUPITA HAPA. Yale maneno "wa umri wowote" niliyaongeza mwenyewe, nikayapigia mstari, nikalipeleka saiba, kwa watu wa kompyuta, likavalishwa plastiki. Niliona nimewaweza. Wakati huo nilikuwa na mimba na sijui kama ni ya mvulana au msichana.

Nilidhani madam anaongea tu. Alhamisi ndiyo mamangu akapiga simu.

Nilifika mezani kwa soja nikiwa nimekumbatia katoni, vifaranga wanapiga kelele ndani. Mamangu alikuwa upande wa nje wa mlango, mwavuli mkono mmoja, mtoto mkono mwingine, amefunikwa shuka mpaka pua.

"Mama Kijana, usinikasirikie," soja akaanza. "Nimeambiwa nifuate tangazo. Hapa imeandikwa wa umri wowote. Ama si mwandiko wako?"

"Ni wangu."

"Basi."

Mamangu akaingilia. "Huyu hata kukaa hajajua. Ataruka ukuta wa nani?"

"Mathe, mimi nikifutwa utanipa kazi yako?"

"Yangu ni kufua nguo za watu. Njoo kesho, beseni iko."

Nikaweka katoni juu ya kitabu cha wageni. "Hawa nao waandike," nikamwambia soja.

"Niandike nini?"

"Wageni. Wameingia siku kumi zilizopita na hakuna aliyewaandika. Na nusu yao ni majogoo."

Soja akachungulia kwenye katoni. Wasichana wawili waliokuwa wanatoka darasani wakasimama. Mmoja akasema, "Huyu mweusi ni mwanaume, angalia vile anajiskia, kifua mbele," na mwenzake akacheka mpaka akashika ukuta. Soja hakutaka kucheka. Alijikaza, mabega yakamtikisika ndani ya yale makoti mawili, mwishowe akafunika uso na kofia.

"Waandikwe wote au mwanangu apite," nikasema. Mimi sikuwa nacheka.

Akavuta kiti chake cha plastiki nyuma, akageuka kuangalia barabara. "Mimi naangalia mvua," akasema.

Nilimchukua mtoto nikaingia naye chumba cha pasi, chini ya balbu, kwa sababu miguu yake ilikuwa baridi kama mabomba. Aliyanyonya yote mawili, kushoto na kulia, jasho likamtoka kipajini, akalala mdomo wazi. Vifaranga waliobaki walitembea juu ya viatu vyangu. Hakuna aliyemshtua mwenzake.

Katoni niliisahau mlangoni. Hilo nalikubali. Nilikaa labda nusu saa, na mlango unapitisha upepo, na soja alikuwa ameahidi kuangalia mvua. Vifaranga wawili walikufa. Hawakuwa wamenikosea kitu.

Msimamizi aliniita ofisini jioni hiyo hiyo. Aliwaweka wale wawili juu ya meza, kwenye gazeti, kama ushahidi.

"Wewe ni mshauri. Nishauri sasa. Nifanye nini na wewe?"

"Madam, mtoto alikuwa mvuani."

"Sijauliza mtoto."

"Najua. Hiyo ndiyo shida yetu."

Akakunja gazeti juu ya wale kuku. Kisha akaniambia kwa upole, na ule upole ndio ulinichoma kuliko yote, kwamba yeye pia ni mzazi, kwamba amelea watatu akiwa kazini, na kwamba hakuna aliyemfungulia mlango. Kwa hiyo hataki mambo makubwa. Niandike barua ya kuomba msamaha kwa mkuu wa wanafunzi, niseme niliingiza mgeni wa kiume kinyume cha kanuni na nikaharibu mali, niahidi mtoto hataletwa tena. Ifike Jumatatu. Isipofika, niache funguo za chumba changu mezani kwake.

"Na maziwa?" nikauliza.

"Kuna maziwa ya kopo, dada. Watoto wa watu wanakunywa."

Nilitoka pale nikiwa na njia mbili kichwani. Katika moja naandika anavyotaka, nabaki na chumba, mtoto anaachishwa kwa nguvu kabla ya wakati. Katika nyingine nabeba godoro narudi Free Area kuwa mtu wa sita katika kile chumba, na masomo yameisha. Ijumaa nilijaribu ile barua yake kwa Kiingereza. Kiingereza changu cha barua kimejaa adabu za shule. Kabla sijafika mstari wa tatu nilikuwa nimeomba samahani mara mbili. Nikaichana.

Asubuhi ya Jumatatu nikipita mlangoni soja akaniita. "Umeandika?"

"Nimeandika."

"Umenitaja?"

"Nimesema ulifuata amri."

"Sawa. Ongeza hapo kwamba sisi tunakaa hapa bila kuta, mvua ikija tunahamisha kiti. Na mimi nimekaa hivi na mimba mbili." Akanipa kalamu yake. Niliongezea pale pale, juu ya kitabu cha wageni.

Karani wa ofisi ya mkuu aliigeuza barua huku na huku. "Hakuna ya Kiingereza?"

"Hakuna. Pigia muhuri wa kupokea, na nakala yangu pia."

Alisoma mistari michache, akaniangalia kifua kama anayetafuta ushahidi, akapiga muhuri mara mbili. Nakala ndiyo hii.

*

Kwa Mkuu wa Wanafunzi,

KUH: MALALAMIKO KUHUSU CHUMBA CHA KUPIGIA PASI NA MTOTO WANGU

Mimi ni mshauri wa hosteli ya wasichana. Niliambiwa nilete barua ya msamaha. Hii ni ya malalamiko.

Nalalamika kwamba Alhamisi iliyopita mtoto wangu wa miezi mitano, anayenyonya, alizuiwa mlangoni wakati wa mvua kwa sababu ni mwanamume. Soja aliyemzuia alifuata amri ya msimamizi wa hosteli na asiadhibiwe. Pia soja hao wanakaa mlangoni bila kuta, na mmoja amekaa hivyo na mimba mbili.

Nalalamika kwamba chumba cha kupigia pasi, ambacho ni cha wanafunzi, kilifungwa zaidi ya siku kumi kikawa cha kufugia vifaranga wa msimamizi, na balbu yao iliwaka usiku na mchana, wakati mimi nilitumwa kuwanyang'anya wasichana koili kwa sababu ya stima. Naomba nyinyi wenyewe mfungue mlango wa chumba hicho leo, kabla hakijafagiliwa.

Ninayokubali ni haya. Niliwatoa vifaranga kwenye joto bila ruhusa, wawili wakafa, nami nitawalipa. Niliwahudumia siku zote hizo bila kusema kitu, na nilipaswa kusema. Na tangazo lililomzuia mtoto wangu niliandika mimi kwa mkono wangu. Maneno "wa umri wowote" ni yangu. Nilikuwa nawafikiria wanaume wenye ndevu.

Ninayoomba ni mawili. Kwanza, chumba cha kupigia pasi kirudi kwa wanafunzi, na saa saba hadi saa nane mchana mwanafunzi yeyote mwenye mtoto anayenyonya aruhusiwe kukaa humo naye. Najua tuko wanne katika jengo letu. Wale watatu hawajawahi kuwaleta watoto wao kwa sababu wanaogopa mlango, na mmoja aliniuliza ushauri nami nikamwonyesha tangazo. Pili, nisinyang'anywe chumba changu kwa kuandika barua hii.

Funguo sijaziacha mezani kwa msimamizi. Ninazo. Kesho ni Jumanne, siku yangu ya zamu, na mtoto ataletwa saa saba kama kawaida. Naomba jibu kabla ya saa hiyo ili soja ajue la kufanya.

Mshauri wa Hosteli