Ng'ombe wa Rurambo na Sababu za Vita Vikuu

Kila mwaka, darasa la sita la sekondari likifika kwenye somo la vita vya kwanza vya dunia, mimi huchora maduara sita ubaoni. Hili Ujerumani, hili Ufaransa, hili Urusi, na kadhalika. Kisha ninayaunganisha kwa mistari ya chaki kuonyesha nani alimwahidi nani kwamba ukipigwa nitakuja. Nikimaliza, mistari imejaa hata maduara yenyewe hayaonekani vizuri. Hapo ninawaambia wanafunzi kwamba karibu kila mmoja aliapa kuwa anajilinda tu. Alimwogopa jirani, akaongeza bunduki. Jirani akaziona, naye akaongeza zake. Nimefundisha somo hilo kwa Kifaransa cha kitabu, nikilifafanua kwa Kiswahili, kwa zaidi ya miaka ishirini hapa Uvira. Nilidhani ninalijua.

Vita vile vilipita kwetu pia, kwenye ziwa hili hili. Babu wa baba yangu alibebeshwa masanduku ya risasi ya Wabelgiji. Shemeji yake, aliyekuwa anaishi ng'ambo, upande wa Burundi, alibebeshwa ya Wajerumani. Babu alirudi bega moja limeshuka, shemeji hakurudi, na mpaka leo katika ukoo wetu hakuna anayejua alikufa akitetea kitu gani. Watu hapa wanapenda kusema wapiganapo tembo nyasi ndizo huumia. Methali hiyo imenichosha. Nyasi haziitwi kubeba masanduku. Nyasi haziulizwi ziko upande wa tembo gani, wala haziendi kwa kinyozi kugombana kuhusu tembo yupi ni mzuri.

Sisi tunakwenda. Kwa kinyozi wa mtaa wetu wa Rugenge redio inawaka tangu asubuhi, na watu wazima wenye akili zao wanakaa kubishana ni rais gani wa nchi ya mbali atakayetuokoa. Mmoja anataka hawa kwa sababu wana ndege, mwingine anataka wale kwa sababu hawa wanawaogopa. Kuna dereva wa pikipiki aliyefunga kwenye usukani bendera ya taifa ambalo hawezi kulionyesha kwenye ramani. Ninajua hawezi, nilimfundisha mimi. Mataifa hayo yanashindana juu ya mawe yaliyo chini ya ardhi yetu. Kila moja limepata rafiki wake katika eneo hili, na kila rafiki ana wapiganaji wake milimani. Tulisikia redioni kuwa mapatano yametiwa sahihi katika mji mkuu wa mbali, watu wamepeana mikono, wamepiga picha. Asubuhi hiyo hiyo mizinga ilisikika kutoka upande wa juu. Sahihi na mzinga, vyote kabla ya chai.

Sasa nieleze habari ya ng'ombe, maana bila hiyo kosa langu halitaeleweka.

Sisi ni Waislamu wa Rugenge, wazao wa wafanyabiashara waliokuja na biashara ya ziwa zamani za mababu. Baba yangu aliuza chumvi na vitambaa. Katika vita fulani vya zamani alimficha nyumbani kwetu mfugaji mmoja wa Rurambo, Mprotestanti, mtu wa milima ya juu, na vita vilipotulia mfugaji yule alimpa baba mtamba. Kwa watu wale, ng'ombe wa namna hiyo ni zaidi ya asante, maana nyumba mbili zinakuwa ndugu kuanzia siku hiyo. Kwa kuwa Rugenge hakuna majani, ng'ombe alibaki kule kule juu, akachungwa na wao, akazaa. Maziwa yalikuwa yao, ndama walihesabiwa kuwa wetu, na kila Idi dume moja liliteremshwa tukachinja. Baba alipofariki, na mfugaji yule alipofariki, undugu ulishuka kwangu na kwa mwanawe, ambaye tunalingana umri. Akinipigia simu, kwanza ananipa habari za ng'ombe, yupi ana mimba, yupi anakohoa, ndipo anauliza habari za watoto. Nikianza mimi kuuliza za watoto, ananikatiza. Huo ndio utaratibu.

Na kuna sharti moja. Ng'ombe yule, au yeyote wa uzao wake, akifa, wa kwanza kuambiwa ni ndugu yako, na anaambiwa kwa kinywa chako. Kutangaza kifo chake mbele ya watu wengine ni kusema undugu umekwisha. Nilifundishwa hilo na baba nikiwa sijaanza shule.

Siku moja ya vita hivi vya sasa, ndugu yangu wa Rurambo alinipigia nikiwa nasahihisha madaftari. Habari za ng'ombe alizimaliza kwa haraka isiyo ya kawaida.

"Ndugu yangu, binti iko na mimba ya myezi minane. Mutoto wa kwanza, balimupasua tumbo. Munganga anasema hata huyu bataomba kumupasua. Huku juu hakuna munganga wa kupasua. Minye nataka nimuteremushe kwako, akae karibu na hospitali."

Binti huyo ninamjua tangu akiwa mgongoni. Alikaa kwangu miaka miwili akisoma mjini, na tangu aanze kusema ananiita papa mdogo, yaani baba mdogo. Jibu lilikuwa moja tu, mlete. Lakini siku zile barabara ilikuwa na vizuizi, na mjini maneno yalikuwa mabaya. Mjini walisema watu wa juu ni macho ya nchi jirani. Kule juu walisema mjini vijana wamegawiwa bunduki ili wawamalize. Kila upande ulikuwa unajilinda tu.

"Ngoja kidogo," nilimwambia. "Ngoja siku chache situation itulie, nitakuambia."

"Sawa," akasema. "Weye ndiye unajua ya mujini."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, amesikia kila kitu.

"Unangoja itulie? Mimba nayo umeiambia ingoje?"

Nilianza kumweleza hatari, vizuizi, vijana, na jinsi mambo yanavyopanda hatua kwa hatua. Mke wangu anapenda kunisikiliza ninapoeleza, kama mtu anavyomsikiliza mtoto anayekariri.

"Mwalimu," akasema, "unajua sababu za vita ya Bazungu zote. Ya leo inakushinda."

Akaenda kutandika chumba cha nyuma. Alitoa godoro jipya, beseni, kitenge cha kumfunga mtoto, akaweka kila kitu mahali pake. Kila asubuhi baada ya hapo alikifagia chumba kile, na kila asubuhi nilipita mlangoni bila kutazama ndani.

Siku ya nne mkuu wa avenue yetu, kiongozi wa serikali katika barabara yetu ya mtaani, aliwaita wenye nyumba. Si mtu mbaya. Ana daftari na ana woga, na siku zile vilikuwa vinatembea pamoja. Alitaka kila nyumba iseme inapokea wageni gani na kutoka wapi. Nyuma yake walisimama vijana wa mtaa, baadhi wanafunzi wangu wa zamani, wakitazama tu. Ilipofika zamu yangu, muuza mafuta wa jirani, ambaye amekula nyama ya dume la Rurambo kwenye Idi zangu tangu alipooa, aliinua sauti.

"Na mwalimu? Si beko na ngombe yabo kule Rurambo? Bale bantu banafikiaka kwake."

Watu wote waligeuka. Laiti ningeweza kusema nilitetemeka, au nilitishwa kwa panga. Hapana. Nilifikiri haraka, kama msomi, nikajiona mwerevu. Niliwaza: nikikana, nyumba yangu itaondolewa kwenye orodha, hakuna atakayeitazama, na binti atakuja kimya kimya bila mtu kujua. Yaani nilikuwa ninamlinda.

"Ngombe ile ilishakufa zamani," nikasema. "Hatuna na bale bantu kitu tena."

Mkuu wa avenue aliandika, akaonekana kupumua. Mimi nikarudi nyumbani nimefurahi, ndiyo, nimefurahi, nikamwambia mke wangu kwamba sasa njia ni nyeupe, ampigie binti aje. Nilimweleza nilivyosema. Aliweka chini kijiko cha ugali.

"Umesema imekufa? Mbele ya bantu?"

"Ni maneno tu."

"Hata undugu wenu ulikuwa maneno tu," akasema.

Nilimpigia ndugu yangu jioni hiyo. Simu haikupokelewa. Nilipiga kesho yake, na keshokutwa. Nilisingizia mtandao, kule juu mtandao ni wa kubahatisha, unapatikana kilima hiki na kukosekana kile. Lakini maneno hayahitaji mtandao. Wanawake wanaoteremka na jibini na kupanda na chumvi wanafika Rurambo kwa siku mbili, na katika mkutano ule walikuwapo waliosikia. Nilijua hivyo na bado niliendelea kulaumu simu. Nikamtuma mwanamke mmoja wa sokoni ampelekee ujumbe kwamba nilisema vile kwa sababu ya hali ilivyo, asiyaweke moyoni maneno yale. Hata sasa nikiukumbuka ujumbe huo ninataka kujipiga kofi. Ndivyo wanavyosema wenye redio, kwamba tulilazimishwa na hali.

Wiki iliyofuata mizinga ilikuwa ikisikika mchana kutwa, na zile ndege ndogo zisizo na mtu ndani zilianza kupita juu ya vilima. Hakuna hata moja iliyotengenezwa katika nchi yetu. Shuleni nusu ya darasa haikuja. Waliokuja niliwafundisha maduara yangu na mistari yangu, na msichana mmoja wa mbele aliuliza kama kulikuwa na mtu yeyote wakati ule ambaye angeweza kusimamisha jambo lote. Nilimjibu kwamba wapo waliokuwa na nafasi, na kila mmoja alingoja mwingine aanze. Aliliandika jibu hilo kwenye daftari. Nilimaliza saa nikiwa nimekasirika, na sikujua ninamkasirikia nani kama si mimi.

Habari ililetwa na mwendesha pikipiki aliyetoka uwanda wa Ruzizi. Kuna binti wa Rurambo amelazwa kwenye kituo cha afya cha Runingu, baba yake yuko naye, wameteremka kwa miguu. Hawakuja Uvira. Walikuwa wamefika tambarare, barabara ya kuja kwangu iko mbele yao, wakaishia pale, kwa wakulima wasiowajua.

Nilipanda nyuma ya pikipiki ile ile. Mke wangu alinipa beseni, kitenge na chupa ya chai, akavifunga yeye mwenyewe bila kunitazama. Kwenye vizuizi viwili niliulizwa ninakwenda wapi, na mara zote mbili nilijibu ninakwenda kumwona mtoto wa ndugu yangu. Nilisema kwa sauti kubwa. Hakuna aliyenikataza, na hilo liliniuma kuliko kama wangenirudisha, kwa maana sasa nilijua kwamba njia ilikuwa inapitika na kwamba ningeweza kumfuata siku ile ile aliyonipigia.

Ndugu yangu alikuwa amekaa kwenye ubao nje ya kituo, viatu vyake vimepasuka ubavuni. Alisimama aliponiona, akanipa mikono yote miwili, kwa heshima. Sikusikia habari za ng'ombe. Nikauliza za binti.

"Iko muzima," akasema. "Balimupasua jana. Munganga wa kupasua alikuwa amefika kwa bahati. Binti alitembea siku mbili, uchungu ukamukutia njiani. Mutoto hakupona. Alikuwa kijana mwanaume. Benye Runingu balitupatia kipande cha shamba, tukamuzika."

Nilitaka kumwambia yote: hesabu yangu, orodha, jinsi nilivyodhani. Nilifungua mdomo, na maneno yaliyokuja yalikuwa yale yale ninayowasomea wanafunzi: sikutaka, niliogopa, nilijilinda. Nikaufunga. Nilimwomba msamaha kwa neno moja, akalipokea kwa kuinamisha kichwa, akaendelea kutazama barabara.

Muuguzi alitoka. Aliona beseni na kitenge mikononi mwangu, akanizuia mlangoni, kwa upole tu, kwa sababu chumba ni kidogo na wagonjwa ni wengi.

"Ni famille tu banaingia. Weye uko nani kwake?"

Nilimgeukia ndugu yangu anijibie. Alifikiri kidogo. Hakuwa na hasira usoni, na hilo nitalikumbuka mpaka nife. Alikuwa amechoka tu na alitaka kusema kweli.

"Mwache aingie," akamwambia. "Ni muntu wa mujini. Anatufahamu."

Muuguzi akasogea. Niliingia, nikaweka beseni chini ya kitanda, na nikakaa kwenye benchi la wageni.