Mkono wa Mwisho

Kwenye karakana yetu ya piano, Dada Mkubwa ndiye aliyesokota nyaya za besi tangu usichana wake, shaba juu ya chuma, mpaka vidole vikaota sugu. Maishani alitaka kitu kimoja tu: kuwa mkono wa mwisho. Huyo ndiye anayechoma sindano kwenye nyundo za sufu zinazogonga nyaya, ili sauti ilainike. Akichoma kidogo, piano inafoka. Akizidisha inakufa, na hapo hakuna dawa.

Masikio ya baba yake, Mzee mwenye karakana aliyeshika sindano mpaka hapo, yalipoanza kumgomea, sindano akampa mdogo wake Dada Mkubwa. Mdogo! Juzijuzi tu alikuwa anafagia maranda.

Dada Mkubwa alinuna, tena waziwazi. Mdogo wake akisifiwa, yeye anakohoa. Akiimba, yeye anaanza kupiga randa ubao usio na kazi. Wivu ulimla hadi akakonda. Mimi, ninayepaka vanishi, nikamtania kwamba karibu tutamfunga yeye ndani ya piano badala ya waya. Hakucheka.

Asubuhi ya mnunuzi kuja kuijaribu piano aliyoilainisha mdogo wake, nilikuwa chini ya piano hiyo nikiisugua miguu. Nikaona viatu vya Dada Mkubwa vikija, nikasikia droo ya sindano ikivutwa. Nilijua amekuja kuiua piano ya mdogo wake.

Akabonyeza sauti moja ya katikati. Akatega sikio. Akaibonyeza tena.

"Huyu mtoto hasikii?" akanong'ona. "Si inakwaruza hii!"

Nikachungulia. Akachoma mara moja tu, akabonyeza. Sauti ikatoka tamu, ya mviringo, hata kitambaa kikaniponyoka. Akasonya, akarudisha sindano, akaondoka amejikasirikia mwenyewe.

Mnunuzi, mwalimu wa muziki, alipiga wimbo mzima, kisha akairudia sauti ileile ya katikati peke yake, macho kafumba.

"Hii ndiyo iliyonimaliza," akasema. "Nani kaifanya?"

Mzee akamshika binti mdogo bega. "Huyu hapa mwanangu. Ndiye mkono wa mwisho."

Nikafungua mdomo. Dada Mkubwa akanikanyaga kwa kisigino, kwa nguvu zake zote, huku akimpigia mdogo wake makofi.