Sentensi Waliyoifuta kwenye Historia ya Meshack

Wewe unayempigia makofi mkimbiaji, umewahi kuuliza anaishije mshipa wa kisigino chake ukikatika?

Meshack wa Kikwe ulimkatika akiwa na miaka ishirini na tatu. Mbio zake zilikuwa mita elfu moja na mia tano. Kambini, siku tatu kabla ya mashindano ya kuchagua timu, alisema mguu unamuuma. Kiongozi wa kambi akamjibu kwamba anayelalamika hurudishwa kwao. Akachomwa sindano ya ganzi, akakimbia, akaanguka mzunguko wa mwisho. Wiki hiyohiyo wakampandisha basi arudi kwao. Hakuna aliyempeleka hospitali.

Miaka kumi na tisa alilinda geti la watu Lemara. Jioni zake za mapumziko aliwafundisha mbio wasichana wa kata ya Maji ya Chai, akichechemea pembeni ya uwanja na saa mkononi. Wanne wamefika mashindano ya taifa. Aliyeumia alirudishwa nyumbani hata kama analia. "Nichukie mimi, mguu ubaki," alikuwa akiwaambia.

Wiki iliyopita nimonia ilimchukua. Mjane wake, Agnela, akaniomba mimi, jirani yao, niandike historia ya marehemu, ile inayosomwa kabla ya kuzika. Jioni niliisoma mbele ya kamati ya mazishi. Nilipofika kwenye sindano, mwenyekiti, Mzee Ndesanjo, akaomba karatasi, akaikata sentensi ile kwa kalamu.

"Chama cha riadha wanakuja na shada, kijana. Msibani hatugombani."

"Hatugombani, mzee wangu. Tunasema kilichotokea."

"Ukizika wa kwako, utasema."

Wanakamati wakacheka kidogo, kisha wakaanza kuzungumzia maturubai. Hivi ndivyo tunavyozikana huku: kila mtu alizaliwa, akabatizwa, akaugua, akatibiwa, akafariki. Aliyemvunja hatajwi, tena anawekewa kiti cha mbele na soda. Tunauita ustaarabu. Ni woga, na tumeuvalisha suti ya kanisani. Agnela alikuwa amekaa mlangoni. Alisikia yote.

Asubuhi yake historia ikasomwa bila sentensi ile. Mwendesha ratiba akawaita ndugu, akaita kanisa, kisha chama cha riadha. Aliyesogea na shada ni kiongozi yuleyule wa kambi, sasa ana mvi. Agnela akasimama kati yake na kaburi. Hakupaza sauti.

"Mzee, mlimchoma sindano mguu upi?"

Yule mtu akatazama maua. Akasema ni zamani sana, hakumbuki.

"Basi kaa mpaka ukumbuke."

Mzee Ndesanjo alinyanyuka nusu, akakaa tena. Agnela akawapungia mkono wasichana wa Maji ya Chai, waliokuwa nyuma kabisa ya turubai. Wakaja mmoja mmoja na maua waliyochuma njiani, wakampita yule mtu, wakayaweka. Yeye akarudi kwenye kiti cha mbele, shada mapajani.