Moyo ulikuwa unanikimbia, suruali ya mtumba ndiyo iliyonionyesha pa kuanzia

Wakuu, habari za humu.

Kisa hiki kilinigharimu kilo kumi na moja za mwili, beberu mmoja na sifa yangu yote sokoni. Nimehesabu mara mbili. Kilo zilirudi, sifa ilirudi nusu, beberu hakurudi.

Sitii chumvi. Chenyewe kilikuwa na chumvi ya kutosha.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa nauza suruali za mtumba Moshi mjini. Nilipanga chumba mtaa wa Soweto, nyumbani ni Masama. Meza ya pembeni yangu alikuwa mdogo wangu wa kike, Aikande, yeye anauza blauzi.

Kazi ile mtaji ni uso. Mteja akitaja bei ya matusi, unatazama mlima kama hujasikia, mpaka anajirekebisha mwenyewe. Kwa hilo nilikuwa fundi.

Sasa siku moja nimekaa tu, sijabeba robota, sijagombana na mtu, moyo ukatoka mbio. Ukaenda kama mwizi aliyeitwa jina lake, ukaruka pigo, ukajikwaa, halafu ukatulia kama si wenyewe.

Kesho yake tena. Keshokutwa mara mbili.

Duka la dawa wakasema malaria. Nikameza. Sikupona, wakasema malaria sugu. Nikameza tena. Jirani akasema presha hiyo, acha kahawa. Kumwachisha kahawa mtu wa Masama si kazi, sisi tunaipalilia kuliko tunavyoinywa.

Mikono ikaanza kutetemeka. Kiti nakiona kina miiba, nakaa, nasimama, nakaa. Namaliza sufuria ya mtori na njaa iko pale pale, na bado suruali zinanivuka. Baridi ya Julai, wenzangu wamejifunika makoti, mimi shati limelowa.

Wateja si wajinga. Muuzaji anayetoka jasho ana shida ya hela, kwa hiyo walikuwa wanangoja. Jasho likishuka, na bei inashuka.

Baba mdogo akasema marehemu babu anadai mbuzi. Nikauliza kama hapokei jogoo.

"Babu yako si mteja wa mtumba," akanijibu.

Beberu akachinjwa. Nyama ilikuwa nzuri. Moyo ukaanza mbio zake nikiwa na mfupa mkononi.

Hapo niliogopa kweli. Baba yetu alianguka ghafla shambani, jembe mkononi, na mpaka leo hakuna anayejua sababu. Nikaona zamu yangu imefika. Hospitali nilikuwa naikwepa, maana ukipeleka redio mbovu kwa fundi atakuambia haitengenezeki. Bora nisijue.

Sasa suruali. Kwa mliokulia madukani, sokoni hakuna chumba cha kujaribia. Unafunga kifungo, unazungusha kiuno cha suruali shingoni mwako. Ncha zikikutana kisogoni, inakutosha.

Nikatafuta ya kwangu, maana niliyovaa nilikuwa nimeifunga kwa kamba. Nikapata moja, ncha zikakutana vizuri. Nikaenda nyuma ya marobota nikaivaa. Ikashuka mpaka magotini.

Nikapima tena shingoni, inatosha. Nikavaa tena, magotini.

Aikande alikuwa anacheka. Akaichukua ile yangu ya zamani, ya kamba, akanizungushia shingoni. Ncha hazikufika. Kiunoni kubwa, shingoni ndogo. Akaacha kucheka.

"Kaka, hebu meza mate."

Nikameza.

"Kuna kitu kimepanda kikashuka hapo."

"Si koo hilo."

"Aisee, koo gani pana kama andazi?"

Akafunika meza yake, akafunika na yangu, akanishika ukosi. Hakuniuliza.

Hospitalini nesi alinishika kifundo cha mkono akahesabu mapigo, akahesabu upya. Nikampenda hapo hapo.

Dokta akauliza maswali mengi kuliko mnunuzi wa jeans. Moyo unaanza ghafla au polepole? Unakwenda kwa mpangilio au unarukaruka? Umewahi kuzimia? Kifua kinauma? Unatumia dawa gani, mirungi, pombe? Kuna aliyekufa ghafla kwenu?

Akasema moyo hukimbia kwa sababu nyingi: damu pungufu, homa, wasiwasi, dawa, tatizo la moyo wenyewe, au tezi ya shingo. Ndiyo maana hawakisii. Wakanibandika nyaya za kupima moyo kifuani, ECG, ikatoka karatasi yenye vilima visivyolingana. Wakachukua damu.

Majibu: tezi ya shingo, thyroid, ilikuwa inafanya kazi kupita kiasi.

"Moyo wako ni mfanyakazi," akasema dokta, "anachapwa na bosi aliye ghorofa ya juu. Tukimwacha hivyo, na mfanyakazi ataharibika."

Vidonge vya kupunguza mbio, vidonge vya tezi, na kliniki bila kukosa. Nikauliza kama nusu dozi haiwezi kutosha.

Dokta akatazama mlima.

Ilichukua miezi, lakini mbio zilikata.

Nilichojifunza: usimeze dawa ya ugonjwa ambao hujapimwa. Na msije mkapima shingo kwa suruali mkaridhika, wapo ambao moyo unakimbia na shingo haina kitu. Ukizimia, kifua kikabana au pumzi ikakata, usingoje kesho.

Sasa kilichonileta.

Aikande siku hizi anakaa Shirimatunda. Jumapili nilikula kwake. Alisimama mara tatu kabla sahani haijaisha. Amekonda. Julai hii anajipepea na kanga. Na dokta aliniambia wakati ule kwamba kitu hiki hupenda kutembea ndani ya ukoo.

Nikamwambia meza mate nione. Akasema, "Kaka, huo ni umri. Halafu mimi sivai suruali."

Nimebembeleza. Nimemtuma mchungaji. Nimeahidi mbuzi, wa kwake mwenyewe, asigawane na babu. Anatazama mlima.

Yeye siku ile alifunika meza mbili. Deni hilo sijalilipa. Aliyewahi kumfikisha hospitali mtu mbishi kuliko yeye mwenyewe, alianzia wapi? Nisaidieni wakuu, nampitia leo saa kumi.